Moyo hautulii: uende kwenye dhikri ya sauti au ukae kimya na pumzi yako?

Mtu akifiwa, akiachwa, akisimamishwa kazi au akichoka tu bila sababu anayoweza kuitaja, kila anaekutana nae anamwambia tulia. Tulia dada, tulia kaka, muachie Mungu. Sawa, ila anatuliaje? Hapo watu wengi wananyamaza, maana neno ni jepesi kulisema na kazi yake ni ndefu na ina njia zake, na njia zenyewe hazifanani kabisa. Hapa kwetu Bagamoyo naona watu wamekwama katikati ya mbili. Kuna wanaorudi kwenye dhikri, yani kumtaja Mwenyezi Mungu kwa kurudia rudia, kama wazee wetu walivyofanya, na kuna wengine, hasa vijana waliosoma au wanaofanya kazi na wageni kwenye mahoteli ya ufukweni, wanaingia kwenye kutafakari kimya kimya, kuangalia pumzi, kozi za siku kumi, apu za kwenye simu. Wote wanatafuta kitu kimoja, moyo uache kuuma au angalau uume bila kummaliza mtu.

Nimeona nizilinganishe hizi mbili kwa yule ambae hajui aanzie wapi. Mi ni Muislamu, nimelelewa kwenye nyumba ambayo uradi, yani maneno ya dhikri yanayorudiwa kwa hesabu, unavutwa asubuhi na jioni, na kukaa kimya nako nimekufanya kiasi cha kujua utamu wake na ugumu wake. Ninachoamini nakisema mapema ili usome ukijua: kabla hujachagua njia jiulize kwanza maumivu yako yamekosa nini. Kuna maumivu yaliyokosa watu, na kuna maumivu yaliyokosa kutazamwa. Mtu wa aina ya kwanza ukimfungia chumbani na pumzi yake unaweza ukamuongezea, na wa aina ya pili ukimpeleka kwenye kundi la watu mia atarudi nyumbani na lile lile alilokwenda nalo.

Tuanze na sauti maana ndo ya nyumbani.

Dhikri inayojulikana sana hapa mjini ni ya twarika (njia ya kisufi) ya Qadiriyya, inayojinasibisha na Sheikh Abdulqadir Jilani wa Baghdad aliefariki mwaka 1166. Kwenye pwani yetu ilienea sana mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kazi ya masheikh kama Sheikh Uways wa Barawa, Somalia, alieuawa mwaka 1909, na kwa upande wa Bagamoyo jina kubwa ni Sheikh Yahya bin Abdallah ambae watu wanamjua zaidi kama Sheikh Ramiya, aliefariki mwaka 1931. Naomba tukae kidogo na maisha ya huyu mzee maana yana jibu ndani yake. Aliletwa pwani akiwa mdogo, mtumwa, ametokea upande wa Kongo, akakulia kwenye nyumba ya Mwarabu wa ukoo wa Lamki, akasomeshwa, akawa mwanachuoni, na mwisho wake yule mtoto alienunuliwa ndo akawa khalifa, kiongozi wa twarika, ambae watu wa kila daraja walikaa chini mbele yake kupokea uradi. Hebu fikiria mtu alieng'olewa kwao, hana mama hana mjomba hana kaburi la babu la kwenda kulizuru, halafu anakuja kuufundisha mji mzima namna ya kukaa na moyo wake. Na alichowafundisha kinafanywa kwa halka, watu wamezunguka, bega kwa bega, sauti moja.

Mi naona hapo ndo penye siri ya dhikri. Maumivu makubwa ya mtumwa, ukiacha kipigo na njaa, ni kukatwa na watu wake. Twarika ziliwapokea waliokuwa hawahesabiki mjini, waliokuwa watumwa, waliotoka bara, wanawake, zikawapa ndugu wapya na silsila, yani mlolongo wa majina ya masheikh unaopanda mpaka kwa Mtume (SAW), kwahiyo hata asiekuwa na ukoo alipata ukoo. Mtu anaeteseka kwa upweke hatibiwi kwa maelezo, anatibiwa kwa kuwekwa kati ya watu na kupewa kazi ya kufanya na mdomo wake.

Kama hujawahi kuhudhuria, inakuwa hivi. Mara nyingi ni usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya Isha. Watu wanaanza wamekaa, zinasomwa nyiradi, pengine kasida, halafu inafika sehemu wanasimama kwa halka na La ilaha illallah inaanza polepole, kichwa na kifua vinafuata, halafu inakolea mpaka maneno yanakuwa karibu pumzi tupu, inatoka na kuingia watu wote pamoja. Baadae inashushwa, inasomwa dua, inaletwa kahawa na tende au kashata na watu wanaongea mambo ya kawaida, bei ya samaki, nani anaumwa, nani kajifungua. Hiyo kahawa ya mwisho watu wanaidharau na mi nawaambia msiondoke kabla yake, pale ndo mtu anakuuliza mbona wiki iliyopita hatukukuona, na wewe uliyekuwa unadhani hamna anaekuhesabu unajua kumbe upo kwenye hesabu ya mtu.

Na msingi wake wa dini unajulikana, Surat Ar-Ra'd aya ya 28, kwamba ni kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu ndo nyoyo hutulia.

Sasa kimya. Hapa namaanisha kutafakari kwa njia ya kuangalia pumzi na mwili, ambayo asili yake ni mafundisho ya Buddha kule India, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Kwa mapokeo yao alikuwa mtoto wa watawala, akaondoka nyumbani akiwa na miaka 29 baada ya kukutana na uzee, ugonjwa na kifo, akahangaika miaka sita, ndo akafikia alichokuwa anakitafuta. Alichofundisha kwa ufupi ni kwamba maisha yana mateso, mateso yana chanzo, chanzo ni ile tamaa ya kung'ang'ania, yani kutaka kisichobaki kibaki na kutaka kilichopo kiondoke, chanzo kikikoma na mateso yanakoma, na kuna njia ya kufika huko. Kwenye mafundisho yake kuna mfano wa mishale miwili ambao kwangu ni hazina kwa mtu wa imani yoyote. Mtu kapigwa mshale, unauma, hilo halina ubishi. Halafu anajipiga wa pili kwa mkono wake, kwa kulalama, kukataa, kujuta, kuogopa.

Jaribu kuuweka huo mfano kwenye msiba wa kawaida wa hapa kwetu. Mume kafariki, huo ni mshale wa kwanza. Halafu inakuja ningempeleka hospitali mapema, ningemkataza ile safari, mawifi wananionaje, watoto watasoma vipi, mbona jirani mume wake mlevi na bado yupo hai. Yote hayo yanakuja saa nane za usiku na yanauma kweli kweli, na hakuna hata moja kati yake ambalo ndo kifo chenyewe. Kimya kinakufundisha kuuona huo mkono unavyochukua mshale wa pili. Hakiutoi wa kwanza, na mtu akikwambia kinautoa usimuamini.

Njia ya kozi za siku kumi zinazojulikana kwa jina la Vipassana ilisambazwa zaidi na S. N. Goenka, Mhindi aliezaliwa Burma mwaka 1924, mfanyabiashara aliekuwa anateswa na kipandauso kikali mpaka anachomwa mofini. Alizunguka kwa madaktari wa nchi kubwa bila kupona, ndo mwaka 1955 akaenda kwa mwalimu wake U Ba Khin, ambae alikuwa mtumishi mkubwa wa serikali upande wa hesabu na pia mwalimu wa kutafakari. Mwalimu kwanza alimkatalia, akamwambia ukija hapa kwa ajili ya kichwa tu unaishusha thamani hii njia, njoo kuusafisha moyo, kichwa kikipona kitapona humo humo. Mwaka 1969 akaenda India kuanza kufundisha na mpaka anafariki mwaka 2013 kozi zake zilikuwa zimeenea dunia nzima.

Ratiba yake ni ngumu na nataka uijue kabla hujajiandikisha. Kengele saa kumi alfajiri. Unakaa kutafakari kama masaa kumi kwa siku. Siku tatu za mwanzo ni kuangalia pumzi tu inavyoingia na kutoka puani, siku ya nne ndo unaanza kupitisha akili mwilini kuanzia utosini mpaka vidoleni, ukigusa maumivu unayaangalia bila kuyakimbia, ukigusa raha unaiangalia bila kuikumbatia. Hakuna kuongea mpaka siku ya kumi asubuhi, hakuna simu, kitabu wala kalamu. Wanaume na wanawake wanakaa mbalimbali. Chakula cha mchana ndo cha mwisho, jioni anaehudhuria mara ya kwanza anapata chai na tunda. Taa zinazimwa saa tatu na nusu usiku.

Kwa wasiotaka mambo ya dini yoyote kuna tawi la hospitali. Jon Kabat-Zinn alilianzisha mwaka 1979 kwenye chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, kozi ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha. Apu nyingi za kutafakari zilizojaa kwenye simu zimechota huko huko.

Sasa tuzipambanishe.

Mwilini kwanza, maana hapo watu wanadhani ni vitu viwili tofauti kumbe vinakutana. Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti ulioongozwa na Luciano Bernardi, walipima watu 23 wakiwa wanasali rozari kwa Kilatini na wakiwa wanatamka maneno ya dhikri ya Kibudha, wakaona kote kuwili pumzi inashuka yenyewe mpaka kama mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo na presha vinaingia kwenye mwendo mmoja na hiyo pumzi. Hawakuipima dhikri yetu, lakini anaejua kuvuta uradi polepole kwa tasbihi anaitambua hiyo hali. Kwahiyo kwenye kuutuliza mwili usipoteze muda kubishana, tofauti ni kwamba sauti inakupeleka kwenye pumzi bila wewe kuifikiria, na kimya kinakutaka uifikirie pumzi yenyewe. Kwa mtu ambae akili yake imechoka kiasi kwamba hawezi kukaa na kitu kimoja hata dakika moja, sauti ni rahisi zaidi kuanza nayo. Ulimi unashika kazi, masikio yanashika kazi, mkono upo kwenye tasbihi, akili inabaki na nafasi ndogo ya kuzurura.

Ila kwa mtu ambae shida yake ni hasira, au wivu, au lile wazo moja linalojirudia, kimya kinaishinda sauti kwa mbali. Kuna kijana namfahamu anafanya kazi kwenye hoteli moja huku ufukweni, alikuwa mtu wa dhikri kabisa, hakosi, anatoa sauti mpaka inakauka, na akifika nyumbani mke wake anamuogopa. Dhikri ilikuwa inamtoa jasho na kumpa usingizi mzuri usiku ule, kesho yake hasira ipo pale pale. Alipoanza kukaa kimya kila alfajiri baada ya swala, kuangalia tu, alianza kuiona hasira inavyopanda, inaanzia tumboni, inakaza taya, halafu ndo maneno. Akiiona tumboni anatoka nje kabla haijafika mdomoni. Mkewe ndo alieniambia, na dhikri hakuacha.

Upande wa watu kuna jambo ambalo wageni hawalioni. Mji wetu mdogo. Ukisimama kwenye halka unajulikana wewe mtoto wa nani, mke wa nani na kilichokupata ni nini. Kwa aliefiwa hiyo ni dawa, kwa alieaibika inaweza ikawa mzigo. Mwanamke alieachwa na mumewe, na watu wanamnong'ona kuanzia Dunda mpaka Magomeni hapa hapa Bagamoyo, ukimwambia nenda kakae na watu anaona bora afe. Huyo simsukumi, aanze na kimya chake ndani, ajijue tena mwenyewe, akishaweza kuinua uso ndo atoke. Na kinyume chake mjane. Mjane yupo eda, kile kipindi cha kukaa ndani baada ya kufiwa na mume, miezi minne na siku kumi, kwenye zawia, nyumba ya dhikri, hawezi kwenda hata akitaka, na siku zile ndo kimya cha nyumba kinapiga kelele kuliko kitu chochote. Mama yangu mdogo alipokuwa eda wanawake wa mtaa walikuwa wanakuja baada ya Asri, wanasoma pamoja, wanaondoka kabla ya Magharibi kuwahi watoto, basi, hawakumpa nasaha ndefu. Alikuwa anasema hiyo saa moja ndo inamvusha usiku. Msiba mbichi mi sishauri kabisa mtu aende kufungiwa siku kumi bila kuongea, hata kama ana pesa na likizo.

Na hapa niseme, kulia sio kukosa subira. Mtume (SAW) alilia alipofariki mwanae Ibrahim, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika na hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Watu wanaomzuia mfiwa kulia kwa jina la dini wanamuumiza bure.

Pesa na muda. Dhikri haina kiingilio, labda sadaka ukipenda, na inakuja kila wiki karibu na kwako. Kozi ya siku kumi nayo haina ada, chakula na malazi vinalipwa na michango ya waliomaliza kabla yako, na hilo nawaheshimu sana kwa kweli. Lakini siku kumi zenyewe sio bure. Mama anaeuza chakula pale soko la samaki, mvuvi, bodaboda mwenye hesabu ya bosi kila jioni, siku kumi bila kuingiza shilingi ni msiba mwingine. Mwenye mtoto anaenyonya ndo kabisa. Kwahiyo kwa watu wengi wa hapa kimya kinachowezekana ni kile cha dakika kumi au ishirini nyumbani, na hicho sio kimya cha daraja la chini, ndo kinachobaki na mtu mwaka mzima. Apu sizipingi, zinasaidia kuanza, ila baadae bando linaisha au ada ya mwezi inakatika na pumzi yako haihitaji kuungwa kifurushi.

Imani sasa, na hapa naomba usome polepole kama wewe ni Muislamu au Mkristo unaefikiria ile kozi ya siku kumi. Masharti yao yanasema kwa siku zote za kozi mtu asimamishe aina zote za sala, ibada, funga na kuhesabu tasbihi, ili ile njia ipewe nafasi bila kuchanganywa. Hawamwambii mtu aache dini yake, wanamtaka asimamishe kwa muda. Kwao ina mantiki. Kwetu swala tano hazisimamishwi hata vitani, kwahiyo kwangu mimi hapo jibu limepatikana. Wapo watakaokwambia nenda tu utaswali kimya kimoyoni, au ujifiche chumbani. Hapana. Huwezi kutafuta utulivu kwa kumdanganya anaekufundisha au kwa kumnyima Mola wako haki yake, waulize wenyewe kabla ya kujiandikisha na wakikwambia haiwezekani washukuru utafute pengine.

Na pengine papo. Kimya hakikuja na wageni. Mtume mwenyewe (SAW) alikuwa anajitenga pango la Hira kabla wahyi, yani ufunuo, haujamshukia. Imam Ghazali mwaka 1095 akiwa mwalimu mkubwa wa Baghdad alifikia hali ulimi ukagoma kufundisha na chakula kikawa hakipiti, madaktari wakasema hili limetoka moyoni, akaacha cheo akaondoka, akakaa Damascus akijifungia kwenye mnara wa msikiti. Na sisi kila Ramadhani tuna itikafu kumi la mwisho. Siku kumi, ndani ya msikiti, chakula kidogo, maneno machache. Watu wengi wanaingia itikafu na simu mkononi wanashinda kwenye magrupu ya WhatsApp, halafu wanatamani kozi ya nje ya nchi ambayo simu inachukuliwa mlangoni. Iache simu nyumbani mwaka huu uone.

Ndugu zetu Wakatoliki nao wana mafungo ya kimya, na ukiwa Bagamoyo huhitaji kwenda mbali, ile misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu ipo tangu mwaka 1868, ilianza na kijiji cha waliokombolewa utumwani, na watu wanafika pale kuhiji na kusali mpaka leo. Mafungo yana kitu ambacho mi nakitamani na kwenye kozi za pumzi nakiona kidogo, kuna mtu wa kumwambia. Unakaa kimya, halafu kuna saa unamkuta padri au mlezi unamueleza kilichokujia. Anaekaa kimya muda mrefu bila mtu wa kumwambia anaweza kuyachukulia mawazo yake yote kuwa kweli.

Kwenye lengo la mwisho njia hizi haziendi mahali pamoja, na sitaki kumpendeza mtu kwa kusema zote ni moja. Mafundisho ya Buddha yanasema mateso yanaweza kukoma kabisa kwa mtu kuona mambo yalivyo, kwamba hakuna kinachobaki, na hayamtegemei Muumba wa kumlilia. Dhikri inamlilia. Kwetu dunia ina mitihani mpaka siku ya mwisho, na utulivu ni kuwa na Mwenyezi Mungu ndani ya mtihani. Mimi moyo wangu upo kwa huyo wa kumlilia. Lakini kuangalia pumzi na kuuona mshale wa pili hakujanipunguzia kitu kwenye imani yangu, kumenifanya nikiwa naswali niwe naswali kweli, maana zamani nilikuwa naweza kufika tahiyatu, mwisho wa swala, bila kujua nimesoma sura gani.

Hatari zipo kote. Kwenye sauti hatari ni kupenda ile hali, ule mtetemeko wa usiku, mpaka mtu anaikimbilia ili asishughulike na deni, na mtoto, na ndoa. Kwenye kimya hatari ni kubwa zaidi kwa baadhi ya watu, maana yanapanda yaliyozikwa. Mtu aliewahi kufanyiwa ukatili, anaesikia sauti, aliewahi kuugua akili, kimya kirefu kinaweza kumvuruga, na hizo kozi zenyewe zinawashauri wenye matatizo makubwa ya akili wasijiunge. Na kama hulali wiki kwa wiki, huli, au mawazo ya kujidhuru yanakuja, hapo usichague kati ya dhikri na pumzi, nenda hospitali ya wilaya leo uwaeleze hivo hivo, watakuhudumia au watakupa rufaa, Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili na Mirembe Dodoma ndo hospitali yake. Najua nyumbani watasema ni jini, watataka usomewe. Usomewe, kisomo hakizuii kidonge, na asikutokee mtu yeyote, awe sheikh au mwalimu wa pumzi, akakwambia uache dawa za daktari.

Kwahiyo ukinikuta barabarani ukaniuliza, nitakuuliza kwanza kimekupata nini na kina muda gani. Msiba wa juzi, upweke, ugeni wa mji, uzee wa kubaki peke yako nyumbani, nitakwambia sauti, na watu. Hasira, majuto ya muda mrefu, wivu, hofu ya kesho, nitakwambia kimya, kidogo kidogo. Aibu, kimya kwanza halafu sauti. Umechanganyikiwa hujui hata ni nini, anza na sauti ya peke yako, ile ya baada ya swala, Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34, ila kwa mwendo wa kuisikia kila moja, sio ule wa kukimbizana na viatu mlangoni.

Anaetaka kujaribu kimya nyumbani, wakati mzuri ni baada ya Alfajiri kabla watoto hawajaamka. Kaa popote mgongo ukiwa umenyooka, hesabu pumzi inayotoka, moja mpaka kumi halafu rudi moja. Ukipotea rudi moja, usijigombeze, kupotea kupo. Fanya hivo mwezi mzima kabla hujaamua kama inakufaa, maana wiki ya kwanza karibu kila mtu anaona mawazo yameongezeka, hayajaongezeka, ndo kwanza unayasikia.

Na anaetaka halka, ulizia zawia iliyo karibu na kwako siku yao ni ipi, fika mapema, mwambie mmoja wa wazee pale kwamba ni mara yako ya kwanza. Uradi wenyewe omba ufundishwe na mwenye ijaza, yani ruhusa ya kufundisha, usiokote kwenye klipu za mtandaoni ukajipangia idadi mwenyewe. Wanawake sehemu nyingi tuna upande wetu na mlango wetu, piga simu kwa mwanamke yeyote anaekwenda akuchukue, siku ya kwanza usiende peke yako.